Samaki wa mwambani kisiwani Anguilla: tule au tuache?

"Shikamoo daktari. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, mume wangu ni wa Mombasa, na makazi yetu ni Toronto. Mwezi Februari tunatarajia kwenda kupumzika wiki moja Anguilla, kisiwa kidogo cha Karibiani, pamoja na mtoto wetu wa miaka 8 na mdogo wake wa miezi 5 ambaye bado namnyonyesha. Raha tuliyoipanga ni bahari na samaki. Sasa mwenzangu kazini, ambaye wazazi wake wametoka visiwa hivyo, amenieleza kwamba shangazi yake alikula mzia akaugua kwa miezi, na kila akigusa maji ya baridi alihisi anaungua. Mume wangu anacheka. Anasema samaki akikaangwa akakauka na ndimu ikakolea, hakuna sumu itakayobaki. Mama yangu anasema tule samaki wadogo tu. Mwenzangu anadai wenyeji humwacha samaki nje wakitazama kama nzi watamtua, nzi wakimkataa hawamli. Nani mkweli? Tuache samaki kabisa, au tule yupi? Nikwambie pia kwamba mume wangu hamalizi siku mbili bila supu ya kichwa cha samaki."

Marahaba, binti yangu. Hofu yako ina msingi, na nitakujibu moja kwa moja kabla sijaeleza sababu. Ugonjwa aliousimulia mwenzako upo kweli, unaitwa sigwatera, na dalili ile ya maji ya baridi kuunguza ni mojawapo ya alama zake zinazojulikana sana. Hata hivyo hamna haja ya kuacha samaki. Mnachotakiwa kufanya ni kuchagua samaki gani mnamla na sehemu gani ya mwili wake mnaila, kwa kuwa hatari hii huamuliwa baharini, siku nyingi kabla samaki hajavuliwa, na hakuna mpishi duniani anayeweza kuiondoa jikoni.

Chanzo chake ni viumbe vidogo sana vya seli moja, vya jamii ya Gambierdiscus, ambavyo vilitambuliwa katika miaka ya 1970 kwenye visiwa vya Gambier huko Polinesia ya Ufaransa. Viumbe hivyo huishi juu ya mwani unaoota kwenye miamba ya matumbawe, hasa kwenye matumbawe yaliyokufa, kwa kuwa tumbawe likifa mwani hupata mahali pa kushika. Samaki wanaokula mwani huvimeza pamoja na sumu yake. Kisha huja samaki wawindaji wakawala hao, na wawindaji wakubwa zaidi wakawala wawindaji wadogo. Sumu hii huyeyuka katika mafuta na haitoki mwilini upesi, kwa hiyo kila ngazi ya mlo huo hurithi sumu ya ngazi iliyotangulia na kuiongezea. Samaki mwenyewe haonekani mgonjwa. Huogelea na hushika chambo kama wenzake, na akifika mezani nyama yake ni nyeupe, imara, haina harufu wala ladha yoyote ya kukutia shaka.

Kutokana na maelezo hayo utaona kwa nini mume wako amekosea, ingawa hoja yake ina mantiki kwa magonjwa mengine. Ukikaanga samaki vizuri unaua vijidudu, na kwa kipindupindu au homa ya matumbo hiyo ni kinga ya kweli. Lakini sigwatera si kijidudu kinachoweza kufa. Ni kemikali iliyojengeka ndani ya nyama, nayo haivunjwi na moto wa kikaango, barafu ya friza, chumvi, moshi wala ndimu. Samaki mwenye sumu akikaangwa hadi akakauka, atakuwa samaki mkavu mwenye sumu. Tena kiasi kinachotosha kudhuru ni kidogo mno: mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani imeweka kiwango cha tahadhari kwa sumu ya aina ya Karibiani kuwa mikrogramu 0.1 katika kilo nzima ya samaki, yaani sehemu 1 katika bilioni 10, na hakuna ulimi unaoweza kuionja.

Habari ya nzi nayo haina ukweli. Nimekwisha kusikia pia ya sisimizi, ya sarafu ya fedha inayotiwa sufuriani ikageuka nyeusi, na ya paka anayeonjeshwa kwanza. Nzi huvutwa na harufu ya uozo, na samaki mwenye sigwatera anaweza kuwa mbichi kabisa, ametoka kuvuliwa saa moja iliyopita. Sarafu haina namna ya kuhisi sumu hiyo. Paka anaweza kweli kuugua, maana sumu inawadhuru wanyama pia, lakini mtu mwenye huruma hamtumii mnyama wa nyumbani kama maabara, na kwa vile dalili huchukua saa kadhaa kujitokeza, paka atakuwa bado anajilamba masharubu wakati ninyi mmeshamaliza kula. Vipimo vya uhakika viko katika maabara maalumu, si mgahawani.

Mama yako amekaribia ukweli zaidi ya wote. Samaki mdogo ameishi muda mfupi na amekula kidogo, kwa hiyo kwa jumla uwezekano wa kuwa na sumu nyingi hupungua. Ila ukubwa peke yake si kipimo cha kutegemewa, kwa sababu samaki wa kilo moja aliyekulia kwenye mwamba uliochafuka anaweza kuwa mbaya kuliko wa kilo tano aliyekulia kwingine. Sumu hii imetawanyika kwa madoadoa: upande mmoja wa kisiwa una tatizo, upande wa pili hauna, na hata katika mwamba mmoja, chewa wa leo anakudhuru na chewa wa kesho hakufanyi kitu. Kwa sababu hiyo utamsikia mtalii akiapa kwamba amekula mzia kila mwaka na hajawahi kuumwa, na inawezekana anasema kweli, lakini ushahidi wake hausemi lolote kuhusu mzia utakayeletewa wewe.

Sasa tuje kwenye uchaguzi wenyewe. Upande wa kaskazini-mashariki wa Karibiani, kuanzia visiwa vya Virgin kupita Anguilla, Saint-Martin na Antigua hadi Guadeloupe, ndio unaojulikana zaidi kwa sigwatera kuliko visiwa vya kusini, na huko Guadeloupe serikali imekataza kabisa uuzaji wa mzia. Kwa hiyo mzia, ambaye kule anaitwa barracuda, mfuteni katika orodha, awe mdogo au mkubwa, awe wa kuchoma au wa kukaanga. Mkunga, yule samaki mrefu mwenye umbo la nyoka, naye vivyo hivyo. Baada ya hao wanakuja wawindaji wengine wakubwa wa mwambani: chewa wakubwa, kolekole wakubwa, na wale samaki waitwao snapper ambao umbo lao litakukumbusha changu wa nyumbani. Hapa nitamhuzunisha kidogo mtu wa Tanga, kwani hata nguru mkubwa wa Karibiani, anayeandikwa king mackerel kwenye orodha ya vyakula, amewahi kuhusishwa na sumu hii ingawa si mkaaji wa mwambani, kwa sababu hupita mwambani akiwinda. Nguru uliyemzoea wewe ni ndugu yake tu, si yeye.

Samaki wa bahari kuu, yaani jodari, mahi-mahi na wenzao wanaoishi mbali na miamba, ni salama kwa upande wa sigwatera, na hao mnaweza kuwategemea kwa wiki nzima. Wana hatari yao nyingine, ambayo nitaieleza hapa chini kwa kuwa huchanganywa na hii. Kamba wakubwa, wale waitwao lobster, ambao ndio fahari ya Anguilla, kwa kawaida hawahusiki na sigwatera, na kamba aliyepasuliwa katikati akachomwa juu ya mkaa kisha akapakwa siagi yenye vitunguu saumu ni mlo ambao sioni sababu ya kitabibu ya kuukwepa, labda kwa mwenye mzio. Na kama mtachoka na vya baharini, mlo unaohesabiwa kuwa wa taifa pale ni wali na mbaazi. Wao hawazipiki kwa namna ya mbaazi za nazi za mwambao wetu, lakini mtoto wako wa miaka 8 hatajiona mgeni mbele ya sahani hiyo.

Kuhusu supu ya kichwa, sina jibu la kumfurahisha mume wako. Sumu hukusanyika zaidi katika ini, matumbo, mayai na kichwa kuliko katika minofu, na ukichemsha kichwa kwa muda mrefu mafuta yake huingia kwenye mchuzi. Mabaharia wa James Cook walipougua mwaka 1774 baada ya kula samaki katika visiwa ambavyo leo ni Vanuatu, wanyama wa melini waliokula mabaki ya samaki hao waliugua pia. Kwa wiki hiyo moja supu ya kichwa cha samaki wa mwambani iwekwe kando. Akishindwa kabisa kuvumilia, amwombe mpishi ampikie supu ya kichwa cha jodari aliyevuliwa siku hiyo.

Msisite kuuliza. Ukifika Island Harbour, kijiji cha wavuvi upande wa kaskazini-mashariki wa kisiwa, utaziona boti zilizopakwa rangi kali zimeegeshwa pwani. Mvuvi anayepara samaki wake pale anajua alikowatoa, na anajua pia ni mwamba upi ambao yeye mwenyewe hali samaki wake. Muulize kwanza samaki huyu anaitwaje, kisha kavuliwa wapi, na mwisho umuulize swali ambalo mimi naliamini kuliko yote: je, wewe nyumbani kwako unamla? Mgahawani ulizeni hivyo hivyo, na "samaki wa leo" asiye na jina msimwagize. Nakiri kwamba maarifa ya mvuvi hayana uhakika wa maabara, na wenyeji wenyewe huugua mara kwa mara; lakini baina ya ushauri wa mvuvi na wa nzi, mimi nitakwenda na mvuvi. Jambo jingine la kupunguza hatari ni kutokula mnofu mkubwa wa samaki mmoja kwa pupa, kwani ukali wa ugonjwa hufuata kiasi cha sumu iliyoingia mwilini.

Ngoja nieleze kinachotokea mwilini, maana ukikijua utaitambua dalili mapema. Neva zetu hupeleka taarifa kwa kufungua na kufunga vijilango vidogo vya madini ya sodiamu katika kuta za seli. Sumu ya sigwatera hujibandika kwenye vijilango hivyo, ikawa kama mlango uliowekewa kigingi usijifunge: neva hubaki zikirusha taarifa zisizo na sababu. Katika Karibiani ugonjwa kwa kawaida huanzia tumboni, saa chache baada ya mlo na mara chache hadi siku ya pili, kwa kichefuchefu, kutapika, kuhara na msokoto wa tumbo, na mtu hudhani ni chakula kilichochacha. Baadaye, tumbo likianza kutulia, huja mambo ya ajabu zaidi: midomo, vidole na nyayo kuchonyota na kufa ganzi, ngozi kuwasha bila vipele, misuli na viungo kuuma, uchovu mzito, na baadhi ya watu huhisi meno yamelegea ingawa hayajalegea. Ubaridi huja ukihisiwa kama moto. Nimemwona mgonjwa akishika bilauri ya maji ya barafu kwa kiu yake, akaiachia pale pale mezani na kutazama vidole vyake akitafuta malengelenge ambayo hayakuwepo. Kwa wengine mapigo ya moyo hupungua kasi na shinikizo la damu hushuka, na hilo ndilo la kuogopwa zaidi.

Vifo ni vya nadra sana, na tumbo lenyewe hutulia ndani ya siku chache. Kinachosumbua ni mabaki ya neva, ambayo huweza kudumu wiki na kwa baadhi ya watu miezi, kama ilivyomkuta yule shangazi. Katika kipindi hicho pombe, kahawa, karanga na jamii yake, mazoezi makali, na samaki wa aina yoyote huweza kuamsha dalili upya. Ndiyo maana tunamshauri aliyeugua ajiepushe navyo kwa miezi kadhaa, mara nyingi hadi sita. Kuugua mara moja hakumpi mtu kinga, na wapo ambao mara ya pili huumwa zaidi.

Dawa ya kuifuta sumu haipo. Mtu akitapika na kuhara tunampa maji, kwa kinywa au kwa dripu. Moyo ukipungua kasi mno kuna dawa ya kuuharakisha. Na maumivu ya neva yanayoendelea yana dawa zake pia, ambazo hutuliza bila kuponya. Mtaambiwa kuhusu dripu ya manitoli, ambayo ni dawa ya jamii ya sukari, na baadhi ya madaktari bado huitumia mapema. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002, ambamo wagonjwa walipewa manitoli au maji ya chumvi bila wao wala madaktari wao kujua nani kapata nini, haukuona tofauti kati ya makundi hayo mawili, kwa hiyo mimi siihesabu kama tiba ya uhakika. Kuna pia majani yanayochemshwa na kunywewa visiwani. Sitayadharau maarifa ya watu, lakini yasimcheleweshe mgonjwa kufika hospitali.

Nilisema samaki wa bahari kuu wana hatari yao. Jodari au mahi-mahi akiachwa juani bila barafu, bakteria hugeuza sehemu ya nyama yake kuwa kemikali iitwayo histamini, na histamini nayo haivunjwi na moto. Dalili zake huja upesi, mara nyingi ndani ya saa moja na wakati mwingine mngali mezani: uso na shingo kuiva wekundu au kupata joto kali, kichwa kugonga, moyo kwenda mbio, pengine vipele. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani wazi, kwa hiyo sikilizeni joto la uso kuliko kutazama rangi yake. Mara nyingi hali hii huisha siku hiyo hiyo kwa dawa za kawaida za mzio, na haimaanishi kwamba mtu ana mzio wa samaki. Jodari mwenye ladha ya kuchoma ulimi kama pilipili mteme. Tofauti na sigwatera, hapa ubichi wa samaki na barafu ya mvuvi vina maana kubwa, na pua yako inaweza kukusaidia kidogo.

Nije kwako wewe mwenyewe, kwa kuwa unanyonyesha. Zipo taarifa za kitabibu za watoto wachanga waliopata kuharisha na vipele baada ya mama aliyeugua sigwatera kuwanyonyesha, kwa hiyo sumu hii inaaminika kupita katika maziwa. Kwa sababu hiyo nakushauri uwe mkali kwa nafsi yako kuliko ulivyo kwa mume wako: wiki hiyo usile samaki wa mwambani hata kidogo, wala usionje kutoka sahani ya mwingine. Jodari aliyehifadhiwa kwenye barafu, kamba aliyeiva, kuku na mbaazi vinatosha. Ikitokea umeugua, simamisha kunyonyesha kwa muda, kamua na umwage ili maziwa yasikauke, mpe mtoto maziwa ya kopo, na umuulize daktari wakati wa kurudia. Beba kopo moja la maziwa hayo kutoka Toronto hata kama hujawahi kulitumia, kwa maana kisiwani hutakuwa na uhakika wa kupata aina ambayo tumbo lake litaipokea. Mtoto wa miaka 8 naye afuate mlo wako, si wa baba yake, kwa kuwa mwili mdogo huhitaji sumu kidogo zaidi ili kuumia.

Baba akitaka kuonja chewa mdogo ambaye mvuvi amemthibitishia, huo ni uamuzi wa mtu mzima mwenye afya anayejua anachokifanya, na sitamkataza. Ningependa tu asile usiku wa mwisho kabla ya safari ya ndege, kwa sababu kuugua angani, mbali na dripu, ni jambo ambalo halina maana kujitafutia.

Nendeni hospitali bila kungoja asubuhi ikiwa mtu anatapika kiasi cha kutobakisha maji tumboni, ikiwa mkojo umekuwa haba na mzito, ikiwa anazimia au anahisi kizunguzungu kila akisimama, ikiwa mapigo yake yamekuwa ya polepole kuliko kawaida, ikiwa miguu inamlegea, au ikiwa anapumua kwa shida. Kwa mtoto, mjamzito na mwenye ugonjwa wa moyo msingoje hata dalili moja kati ya hizo. Mchonyoto wa midomo baada ya samaki unatosha. Uvimbe wa midomo au ulimi pamoja na kukoroma kwa pumzi ni mzio mkali, nao ni wa dharura ya dakika. Hospitali ya kisiwa ni ile ya Princess Alexandra mjini The Valley, na kisiwa chote kina urefu wa takriban kilomita 26 tu, kwa hiyo hamtakuwa mbali nayo popote mtakapokaa. Mtajieni daktari jina la samaki, saa mliyomla na nani mwingine alimla. Kipande kilichobaki kifungeni mkiweke kwenye friza, kwani maafisa wa afya wanaweza kukihitaji kwa uchunguzi, na kuripoti kwenu kunaweza kuwaepusha wageni wa meza ya jirani.

Hospitali ya kisiwa kidogo haina kila kitu, na mgonjwa mahututi huenda akahitaji kusafirishwa kwa ndege hadi nchi nyingine, kwa gharama ambayo familia ya kawaida haiwezi kuilipa mfukoni. Kabla ya Februari mpigie simu mtoa bima yako ya safari, umuulize waziwazi kama inalipia kuhamishwa kwa ndege ya wagonjwa na kama inamhusu mtoto wa miezi 5, kisha umwombe akuandikie jibu hilo kwa barua pepe.